Mbwa Mkavu Ndiye Mbwa Mzima

Bujumbura haina theluji. Mji uko takriban mita 780 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Tanganyika, na usiku wa mvua joto huzunguka nyuzi 19. Ndiyo maana wengi wetu huamini kwamba mbwa na paka wa hapa hawaijui baridi. Wanaijua, na huwafikia kupitia maji, tangu mvua za Oktoba hadi Mei.

Manyoya humkinga mnyama kwa hewa inayonaswa kati ya nywele. Mvua ikipenya hadi kwenye ngozi, maji hushika nafasi ya hewa hiyo, nayo hupitisha joto takriban mara 25 zaidi. Upepo wa ziwani ukivuma, maji hukauka na kuondoka na joto zaidi. Mbwa mzima, mwenye joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39, hustahimili. Mzee na aliyekonda huteseka. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi: katika wiki ya kwanza hawawezi hata kutetemeka, hutegemea joto la mama yao. Wakilala palipolowa hupoa, hushindwa kunyonya, na wanaweza kufa usiku huohuo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni malazi makavu. Inua banda juu ya matofali ili maji ya uani yapite chini. Mlango usielekee upande mvua inakotoka, na bati la paa litokeze mbele yake. Tandika majani makavu na uyabadilishe kila yanapolowa. Gunia na matambara hunyonya maji na kukaa nayo usiku kucha. Mbwa akirudi amelowa, mpanguse tumboni na katikati ya vidole, maana huko matope hujificha na ngozi huchubuka. Paka naye hutafuta joto chini ya boneti ya gari, basi gonga boneti kabla ya kuwasha injini.

Kazi ya pili ni chakula. Unga wa mahindi ukipata unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini na isiyoisha kwa kupika. Unga ambao watu wameukataa, mbwa pia asipewe. Hata ugali wake wa ndagala (dagaa) upikwe kwa unga mzuri.

Ya tatu ni maji ya mitaroni. Panya huyakojolea, na mkojo wao unaweza kuwa na vijidudu vya leptospira, ambavyo huingia kupitia kidonda, macho au mdomo. Mbwa aliyeambukizwa huweza kupata homa, kutapika, na macho na fizi zake kuwa manjano. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Vaa glavu unaposafisha mkojo wake, kwa sababu ugonjwa huu huwapata watu pia. Mpe maji safi ndani ya banda, asiende kunywa mtaroni.

Lililobaki ni mnyororo. Usiku wa Februari 2014 mafuriko yalipiga mitaa ya Kamenge na Kinama mjini Bujumbura na kuua watu zaidi ya 60. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika eneo la Gatumba, jirani na mji, na mwaka 2024 maji ya ziwa yaliingia majumbani kando ya mji. Katika maji ya namna hiyo mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia. Mvua kubwa ikianza usiku, mfungue na ufunge geti. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iweke pamoja na karatasi za familia: mkilazimika kuhama, atachangamana na mbwa na watoto wasiomjua, na chanjo hiyo itamlinda yeye na wao.