Jiko la Ufipa Linaweza Kulipa Mshahara?

Mapishi ya maharage yaliyoandikwa Dar es Salaam hayafuatiki neno kwa neno Sumbawanga. Mji huu wa mkoani Rukwa, kwenye uwanda wa Ufipa, uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi badala ya 100. Sufuria inatokota, povu linapanda, lakini maharage ambayo Kariakoo yangekuwa tayari mezani huku bado ni magumu. Mama wa Kifipa hahitaji somo hilo: ameyaloweka tangu jana jioni na anajua kuni zitakwenda ngapi. Ila ukitafuta maelezo hayo mtandaoni kwa Kiswahili, ni nadra kuyapata.

Pengo hilo ni mtaji. Wapo vijana wengi wenye simu janja na ndoto ya kuacha kazi waishi kwa kuonyesha chakula mtandaoni, na wengi huanzia pale wenzao walipokwisha kujaa: pilau, chapati, keki. Aliyeko Rukwa akishindana kwa pilau na mpishi wa Zanzibar anajitafutia hasara.

Njia ya kutoka kwenye uandishi wa mtandaoni hadi kwenye riziki ya kudumu imekwisha kupitiwa na watu wa ukanda huu. Mwaka 2005, mpiga picha wa magazeti Issa Michuzi alifungua blogu yake akiwa Helsinki, akielekezwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waasisi wa uandishi wa blogu kwa Kiswahili. Blogu ile ilikua ikawa jina kubwa nchini, lakini Michuzi hakuacha ajira kwa ajili yake. Aliendelea na kazi ya kamera kwa miaka mingi. Kwenye chakula, Miriam Rose Kinunda, Mtanzania aishiye Marekani, aliandika mapishi ya nyumbani kwenye tovuti yake ya Taste of Tanzania, kisha akayageuza kitabu. Nairobi yupo Kaluhi Adagala, ambaye Kaluhi's Kitchen yake imewahi kutwaa tuzo ya BAKE, chama cha wanablogu wa Kenya. Huyu alijijengea jina kwa picha safi na vyakula vya Kikenya vilivyopikwa kwa ubunifu, na jina ndilo lililovuta makampuni.

Ukiwatazama kwa makini, matangazo peke yake hayakumbeba yeyote kati yao. Ili YouTube ianze kumgawia mtu mapato kamili ya matangazo, anahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mamilioni ya watazamaji wa video fupi. Akifika hapo, hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo ya video ndefu, na haziingii benki mpaka zifike dola 100. Mtangazaji hulipa kidogo kumfikia mtazamaji wa Mpanda kuliko wa Minnesota. Hata huyo wa Minnesota ana makato yake: tangu 2021, mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi ya huko hadi asilimia 30 kwa mtengeneza maudhui wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania ni mojawapo. Anayeacha kazi kwa kutegemea hesabu hii atarudi kwa mwajiri wake kuomba radhi.

Kinacholipa ni kile ambacho watu hawakipati kwingine, na hapa Ufipa ina utajiri wa kutosha. Ulezi ulikuwa nguzo ya chakula cha uwanda huu kabla mahindi hayajatawala. Wakulima wa Kifipa waliulima kwa ustadi wao wenyewe: mvua zinapoelekea ukingoni, nyasi hufunikwa kwa udongo kwenye matuta ya mviringo zikaoza humo, maharage hupandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata tuta husambazwa na ulezi kumwagwa kwenye udongo ulioshiba. Hiyo peke yake ni video kadhaa, kuanzia jembe hadi ugali. Ukishuka magharibi kuna Ziwa Tanganyika na migebuka ya Kirando na Kasanga. Mashariki kuna Ziwa Rukwa na samaki wake. Mtu mmoja akikaa Sumbawanga anafikia meza tatu tofauti.

Mpangilio wa kazi unataka kalenda. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Aliyepanga mfululizo wa migebuka wabichi miezi hiyo alikwama. Aliyerekodi mapema, au aliyeujua ulezi na maharage, aliendelea.

Ugali wa ulezi una tatizo la kamera: rangi yake ya kahawia iliyokolea hugeuka doa jeusi kwenye picha. Dawa ni kuuweka karibu na dirisha, mwanga ukitokea nyuma yake kidogo, na kitambaa cheusi ukutani. Baridi ya Juni na Julai inasaidia sana, kwani mvuke huonekana mzito kuliko mahali penye joto. Vipimo navyo viandikwe. Anayepika kwa kukadiria kwa mkono apimiwe unga kwenye mizani kabla haujaingia sufuriani, ili aliyeko Muscat naye aweze kuupika.

Sheria zisisubiri. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwatisha wengi kwa ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa kuanzia. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, hivyo ni vema kuuliza ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, kabla ya kutangaza kazi. Sheria ya Fedha ya 2024 nayo imeleta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui, kwa hiyo bei anayopewa mdhamini ihesabiwe pamoja nayo.

Mshahara wenyewe, kwa mtu wa Rukwa, una nafasi nzuri zaidi ya kutoka kwenye mfuko kuliko kwenye skrini. Mtazamaji aliyevutiwa na ugali ule atauliza unga unapatikana wapi. Unga wa ulezi, maharage yaliyochambuliwa, dagaa waliokaushwa vizuri: vyote vinasafiri kwa basi mpaka Mbeya na Dar es Salaam bila kuharibika. Kwa mashine na mafunzo ya usindikaji kuna shirika la viwanda vidogo, SIDO, mkoani. Ubora na usalama wa vyakula vilivyofungashwa uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), lililopokea jukumu hilo kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) mwaka 2019, na maombi huko yaanze wakati wafuasi bado ni wachache, maana oda zikifika kabla ya nembo ya TBS, mzigo hauwezi kuuzwa kihalali.