Mkopeshaji Abaki Nje

Mikopo ya simu ilipoenea, Wakristo wengi walifungua Biblia kutafuta neno riba, na hawakulikosa. Lipo Kutoka 22, Walawi 25, Kumbukumbu la Torati 23, Zaburi ya 15, Ezekieli 18. Tangu hapo mjadala haujapoa: mwamini akope kwa riba au asikope? Akikopesha je? Na yule bwana wa Mathayo 25, aliyemkaripia mtumishi kwa kutoipeleka talanta kwa watoa riba, tumweke fungu gani? Ni mjadala halali, tena mkongwe. Katika karne ya 16 John Calvin alikwisha kutenganisha mkopo wa mwenye njaa na mkopo wa mfanyabiashara anayetafuta faida. Lakini kelele za riba zimefunika jambo ambalo sheria ya Musa inalishughulikia kwa undani, nalo linatuhusu zaidi: namna ya kudai.

Chukua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Ndani ya sura hiyo moja suala la rehani linarudi mara kadhaa. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake. Mistari ya 10 na 11 inamzuia mkopeshaji kuingia nyumbani kwa mdeni kuchukua rehani. Abaki nje, mdeni mwenyewe amletee. Mistari ya 12 na 13 inasema mdeni akiwa maskini, vazi lake lirudishwe kabla jua halijazama, maana ndilo anajifunikia usiku. Kisha mstari wa 17 unaliondoa kabisa vazi la mjane katika orodha ya vitu vya kuwekwa rehani.

Mtu wa mikopo akisoma hayo atacheka. Rehani inayorudi kwa mwenyewe kila jioni inamlinda mkopeshaji kwa lipi? Kwa kidogo sana, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Mistari hii haikufuta rehani, wala haikufuta deni. Ilichofanya sheria ni kuweka mpaka: deni lako ni haki yako, lakini haki hiyo haifiki kwenye unga wa mwenzako, usingizi wake, wala chumba chake.

Wala hayakuwa mambo ya vitabuni tu. Mwaka 1960, katika ngome ndogo iliyochimbwa karibu na Yavne-Yam, pwani ya Israeli, kilipatikana kigae chenye maandishi ya Kiebrania ya wino, cha mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wa eneo. Anasema alimaliza kazi yake, na bado akanyang'anywa vazi, wenzake waliokuwa naye shambani watamshuhudia, anaomba arudishiwe. Hakimbilii hoja kubwa za dini. Anataka nguo yake.

Sasa, sheria ya jiwe la kusagia inamfikiaje mtu anayepeleka mahindi mashineni? Wapo wanaosema haimfikii, jiwe halipo, mambo yamekwisha. Wapo pia wanaosema inatufundisha upendo, na mahubiri yanaishia hapo huku kila mtu akienda nyumbani bila kujua afanye nini Jumatatu. Mimi naona njia ya kufaa ni kuuliza kitu kile kilikuwa na kazi gani katika nyumba ile. Jiwe la juu ndilo lililokuwa rahisi kubeba, na likishaondoka la chini halina kazi. Siku hiyo hakuna kinachosagwa, hakuna kinacholiwa. Ukiliona hivyo, hutapata taabu kulitambua mtaani kwako. Ni cherehani ya fundi. Ni pikipiki ya bodaboda, ambayo ikishikwa ndiyo inamzuia kupata hela ya kulipia deni lenyewe.

Ni kadi ya benki ya mtumishi wa umma pia. Tanzania mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na jina halijatiwa chumvi. Mkopaji anakabidhi kadi pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, wa kwanza kufika kwenye mashine ni mkopeshaji. Anatoa chake, riba juu, kisha mwenye mshahara anapewa kilichobaki, kama kimebaki. Mwezi haujafika nusu anarudi kukopa tena kwa mtu yuleyule. Mstari wa 6 hauhitaji kunyooshwa wala kukunjwa ili umfikie mtu huyu.

Mlango wa mstari wa 10 nao upo. Ukipakua baadhi ya programu za mikopo, zinaomba ruhusa ya kusoma orodha yako ya namba, na mwenye shida ya ada ya mtoto anabonyeza kukubali bila kusoma. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe unaanza kutembea: kwa bosi, kwa mama mkwe, kwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, kwa mtu uliyenunua kwake matofali miaka mitatu iliyopita. Wengine hutumiwa picha ya mdeni ikiwa na neno tapeli juu yake. Huyo mkopeshaji hakusimama nje akisubiri. Ameingia hadi chumbani, na akatoka na heshima ya mtu mkononi.

Serikali nazo zimeliona. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdeni. Benki Kuu ya Tanzania, mwaka 2024, ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Ingekuwa raha kumaliza na programu hizo, maana wenyewe hatuwajui na kuwalaani hakutugharimu kitu. Shida ni kwamba vikoba vingi, vikundi vya kuweka na kukopa, vipo ndani ya jumuiya na vikundi vya akina mama wa kanisani, na huko nako watu huenda kubeba vyombo. Mwanachama akikwama marejesho, wenzake wanafika asubuhi, wanaingia sebuleni, wanahesabu: televisheni, jiko la gesi, makochi, godoro. Jumapili wote wanaimba kwaya moja. Sijui mstari mwingine wa Biblia unaovunjwa waziwazi namna hii na watu waliofungua kikao kwa sala.

Watajibu kwamba bila kushikwa shati watu hawalipi. Kuna ukweli hapo, na Biblia haimbebi mdeni mkaidi. Zaburi ya 37 inamweka anayekopa asilipe upande wa waovu. Hata muujiza haukumwondolea mtu deni. Mjane wa 2 Wafalme 4, aliyekuwa karibu kunyang'anywa wanawe wawili na mdai, aliambiwa na Elisha auze mafuta alipe kwanza, ndipo aishi na kilichobaki. Nawakumbusha hilo wanaokesha wakiomba madeni yafutike kimiujiza huku simu wameizima.

Lakini jibu la Kumbukumbu la Torati kwa hofu ya mkopeshaji si kumwongezea nguvu za kubomoa. Mithali 22 inaonya upande mwingine, wa wanaojitia udhamini wa madeni ambayo hawana cha kuyalipia, hadi kitanda kinavutwa chini yao. Kazi ya kupima ilitakiwa ifanyike kabla fedha haijatoka: huyu anakopa apanue genge, au anakopa ale? Wa kwanza mnaweza kukubaliana naye faida na ratiba. Wa pili Walawi 25 imekwisha kusema asitozwe riba, na mnaompa mjue mapema kwamba huenda mkasubiri sana.

Kama wewe ni katibu au mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo, mjadala wa riba unaweza kungoja kikao kijacho. Fungua kabati kwanza uone mmeshika vitu gani vya watu. Kadi ya benki irudi kwa mwenyewe leo, na cherehani irudi kwa fundi. Deni liendelee kuandikwa daftarini.