Chembe Nyeupe Zinapozidi pasi na Vidudu

Miongoni mwa saratani zinazoanzia katika ini imo moja adimu mno, ambayo mbali na kukua hutoa protini ya kuchochea chembe nyeupe za damu, hata mgonjwa akaonekana ana maambukizi makali ilhali hana. Kwa kawaida protini hiyo hutolewa mwili unapovamiwa na vijidudu, nayo huuamrisha uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, uzalishe neutrofili, chembe zinazotangulia vitani. Uvimbe unapoitoa wenyewe, amri haikomi, na hesabu ya chembe nyeupe, ambayo kwa mtu mzima huwa baina ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja ya damu, huweza kupindukia 30,000.

Mtu wa kijiji cha Kendwa, Zanzibar, akifika hospitali ya Kivunge ana homa, maumivu chini ya mbavu za kulia na neutrofili tele, dhana ya kwanza huwa jipu la ini, na ni dhana ya haki, kwani jipu lipo katika nchi za joto na hutibika. Shaka huingia pale dawa za kuua bakteria zinapomalizika na hesabu isishuke. Hata picha ya ultrasaundi huweza kuhadaa, kwa kuwa kiini cha uvimbe kikifa huonekana kama usaha, na hapo ndipo hulazimu kutolewa kinyama kikapimwe kwa darubini. Isitoshe, Waafrika wengi huzaliwa na neutrofili chache kwa sababu ya urithi uleule unaozikinga chembe zao nyekundu na malaria ya vivaksi, hivyo ongezeko linaloonekana dogo kwenye karatasi ya maabara huenda kwao likawa kubwa.

Taarifa nyingi za uvimbe huu zimetoka Japani, na huko ndiko Shigekazu Nagata na wenzake walikoichambua jeni ya protini hiyo mwaka 1986, wakiipata, ajabu iliyoje, katika seli za saratani ya kinywa zilizokuwa zikiitoa kwa wingi. Leo protini hiyo hudungwa kama dawa kwa wagonjwa ambao tiba ya kemikali imewapunguzia chembe nyeupe.

Afrika Mashariki saratani ya ini hutokana zaidi na homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wachanga Tanzania huchanjwa dhidi yake tangu 2002, na sumukuvu ya mahindi na karanga. Ama uvimbe adimu unaotoa protini, ukiwahi kukatwa, chembe nyeupe hushuka siku chache baadaye. Zikipanda tena, daktari hulitazama ini kabla ya kutafuta vidudu.