Tabaka na Lugha katika Vyuo Vikuu vya Umma nchini Kenya

Vyuo vikuu vya umma nchini Kenya husifiwa kwa kuwakutanisha vijana wa makabila yote. Sifa hiyo ni ya haki. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, mabweni yake yamewalaza pamoja vijana wa Turkana na Lamu, wa Kisumu na Nyeri. Hata hivyo, idadi ya makabila si kipimo kamili cha mchanganyiko wa wanafunzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nyuma ya tofauti za kabila ipo tofauti ya tabaka, nayo darasani hujidhihirisha kwanza katika lugha.

Neno "tabaka" lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kilicholazwa juu ya kingine. Ndivyo zilivyopangwa shule za sekondari za serikali chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985: za kitaifa juu, za mkoa katikati, za wilaya chini. Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja kwa wote, ilhali maabara, vitabu na idadi ya walimu havikulingana. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua mpango wa wanafunzi wa kujilipia, uwezo wa mzazi ukawa njia nyingine ya kuingilia.

Sera ya lugha nayo ilizidisha pengo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike nafasi kuanzia darasa la nne. Pendekezo hilo lilikuwa na msingi mzuri wa kielimu. Lakini shule nyingi za kulipia mijini zilitumia Kiingereza tangu chekechea. Vijana wa njia hizo mbili wanapokutana semina, mmoja husema bila kusita, na mwingine hunyamaza akitafuta maneno. Aghalabu ukimya huo hudhaniwa kuwa uhaba wa fikra.

Hata misimbo ya vijana ina matabaka. Abdulaziz na Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, walitofautisha Sheng, yenye mizizi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na Engsh ya vijana wa mitaa ya wenye uwezo.

Darasa la Kiswahili hupangua mpangilio huo kwa kiasi fulani. Kijana wa Kwale aliyenyamaza semina ya Kiingereza huweza kuwa ndiye anayesahihishia wenzake upatanisho wa kisarufi. Hata hivyo, Kiswahili peke yake si dawa: kwa mwanafunzi wa Lodwar, nacho yamkini ni lugha ya kujifunza shuleni.

Sheria ya Utangamano ya mwaka 2008 inazuia taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Hakuna theluthi kama hiyo iliyowekewa tabaka. Kwa hiyo idara inayotaka kuwajua wanafunzi wake haina budi kuuliza, pamoja na kaunti ya kila mmoja, shule aliyosomea na lugha aliyofundishiwa mwanzo, kabla ya kuamua nani mwerevu na nani mzito.