Umeme Unaopotea Njiani: Maradhi ya Gari Kuukuu na Kiyoyozi Chake

Gari dogo lenye umri wa miaka 20 limeegeshwa chini ya mwembe, mbele ya gereji, katika mji mmojawapo wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwenye gari ana malalamiko matatu. Alfajiri gari huwaka kwa kusitasita. Usiku taa moja ya mbele hutoa mwanga hafifu wa manjano. Tena kiyoyozi hupuliza ubaridi asubuhi, lakini ifikapo saa 7 mchana, wakati ambapo ubaridi huo unahitajiwa hasa, hupuliza hewa vuguvugu. Betri imekwisha kubadilishwa, balbu imebadilishwa mara mbili, na gesi ya kiyoyozi imeongezwa. Fedha zimetoka, maradhi yamebaki.

Kisa cha namna hii ni cha kawaida mno, na kwa sababu hiyo watu wengi hukichukua kuwa ni mkosi wa gari kuukuu. Lakini hapana mkosi katika saketi ya umeme. Maradhi yote matatu yanaweza kuelezwa kwa sheria moja inayofundishwa katika kila shule ya sekondari, sheria ambayo Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, aliichapisha mwaka 1827: volti katika sehemu ya saketi ni sawa na mkondo mara ukinzani wa sehemu hiyo.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Katika nyumba, kila taa huwa na waya wa kuleta umeme na waya wa kuurudisha. Katika gari, waya wa kurudisha mara nyingi ni mfupi tu, nao hufungwa kwa bolti kwenye bati. Mwili wa gari pamoja na injini ndivyo vinavyourudisha mkondo kwenye ncha hasi ya betri. Mpango huu huokoa shaba nyingi, ila una udhaifu wake: kila bolti inayounganisha waya na bati ni mlango ambao mkondo wote hauna budi kuupitia.

Gari linapozeeka, milango hiyo huanza kuzibwa. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Chuma hushika kutu, na shaba hufunikwa na ukoga wa kijani. Kwenye ncha za betri huota unga mweupe utokanao na asidi. Vitu hivi vyote hupitisha umeme vibaya kuliko metali safi. Waya huonekana mzima kwa macho, nayo bolti imekaza, lakini kati ya metali na metali pameingia utando mwembamba wenye ukinzani.

Je, ukinzani mdogo unaweza kuleta madhara gani? Na uchukuliwe mfano wa taa ya mbele ya wati 55, inayotumia volti 12. Taa hiyo huhitaji mkondo wa ampea 4.6 hivi, na ukinzani wake ikiwaka ni kama omu 2.6. Ikiwa bolti yake imeshika kutu na kuongeza nusu omu tu, ukinzani wote huwa omu 3.1, na mkondo hushuka hadi ampea 3.9. Nguvu inayobaki katika taa ni wati 39 hivi badala ya 55. Mwanga wenyewe hupungua zaidi ya hapo, kwa sababu uzi wa balbu ukipoa kidogo hutoa sehemu kubwa zaidi ya nishati yake katika hali ya joto lisiloonekana. Hii ndiyo maana ya ule mwanga wa manjano, na ndiyo sababu balbu mpya hazikufaa kitu.

Starta ni mfano mkali zaidi. Motokaa ndogo inapowashwa, starta huweza kuvuta ampea 150. Kwa mkondo huo, ukinzani wa omu 0.02 pekee katika waya wa ardhi hupoteza volti 3 kati ya 12, na wati 450 hugeuka joto mahali pale pale penye kasoro. Ndiyo maana fundi mzoefu huigusa ncha ya betri baada ya kupiga starta: ikiwa ya moto, ameupata ugonjwa.

Hapa lipo jambo ambalo mwanafunzi na alitie maanani. Fundi akipima waya huo kwa omita wakati gari limezimwa, kipimo kitasema kuwa waya ni mzima, maana omita ya kawaida haiwezi kutofautisha omu 0.02 na sifuri. Kasoro hujidhihirisha tu wakati mkondo mkubwa unapopita. Kwa hiyo kipimo cha kufaa ni volti: ncha moja ya voltimita iwekwe kwenye ncha hasi ya betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha starta ipigwe, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Waya ukiwa mzima, kipimo hakitafika hata nusu volti. Katika gari la chini ya mwembe kilionyesha volti 2 na zaidi.

Kutoka mtungi hadi kiyoyozi

Maji ya mtungini huwa baridi kwa sababu machache hupenya udongo, hufika nje na kugeuka mvuke. Na ili yageuke mvuke hunyang'anya joto katika maji yaliyobaki. Kiyoyozi cha gari hufuata kanuni hiyo hiyo, ila badala ya maji hutumia kioevu kinachochemka kwenye jotoridi la chini sana. Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hutumia gesi iitwayo R-134a, ambayo katika kanieneo ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 za Selisiasi chini ya sifuri.

Gesi hiyo huzunguka bila kutoka nje. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huishindilia hadi ikapata moto. Katika kondensa iliyo mbele ya radieta, gesi hutoa joto lake nje na kuwa kioevu. Kisha hupenyezwa katika tundu jembamba, kanieneo hushuka ghafla, na kioevu huchemka ndani ya neli zilizofichwa nyuma ya dashibodi, kikifyonza joto la hewa inayopulizwa kwa abiria.

Kutokana na maelezo hayo ni dhahiri kwamba gesi hailiwi kama petroli. Mfumo usiovuja haumalizi gesi kwa kufanya kazi. Gesi ikipungua sana, kuna mahali inapotokea, na mara nyingi mahali hapo huwa na doa la mafuta, kwa kuwa mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kujaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Kwa nini ubaridi hukoma mchana?

Katika gari linalozungumziwa gesi ilikuwa kamili. Kilichokosekana ni umeme. Kompresa haizunguki wakati wote. Klachi ya sumaku huiunganisha na mkanda pale tu ubaridi unapohitajiwa. Koili ya klachi ni waya wa shaba, na ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto.

Koili yenye omu 3.6 ikiwa baridi kwa nyuzi 20 huwa na omu 4.7 ikifika nyuzi 100, joto la kawaida karibu na injini mchana kwenye msongamano wa magari. Kwa volti 13.5 mkondo hushuka kutoka ampea 3.75 hadi 2.9. Ongeza omu 0.6 za rilei iliyoungua midomo na kiunganishi chenye kutu: mkondo huwa ampea 2.5. Na kwa kuwa nguvu ya sumaku ya namna hii hufuata, kwa makadirio, mraba wa mkondo, mvuto unaobaki ni chini ya nusu ya ule wa asubuhi. Tena klachi iliyochakaa huwa na nafasi pana zaidi kati ya bamba na sumaku. Sumaku dhaifu haiwezi kulivuta bamba, kompresa husimama, na feni huendelea kupuliza hewa ya moto.

Tiba mbaya kuliko maradhi

Mtu asiyeijua sababu hutafuta njia ya mkato, na njia hizo zina hatari tatu.

Ya kwanza ni kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi inayoungua kila mara. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa ili iungue yenyewe kabla ya waya kuungua. Betri ikipata njia fupi huweza kutoa mamia ya ampea, na waya uliokosa fyuzi huwaka moto chini ya zulia la gari, pengine abiria wakiwamo.

Ya pili ni kuiruka swichi ya kanieneo. Swichi hiyo hukata umeme wa klachi gesi inapopungua, maana bila gesi ya kutosha mafuta hayarudi kwenye kompresa. Gari ambalo swichi yake imerukwa litapoza kwa siku chache, kisha kompresa itakwama.

Ya tatu ni kuifungulia gesi hewani. Ikigusa jicho au ngozi huweza kugandisha nyama mara moja. Zaidi ya hayo, kilo moja ya R-134a huongeza joto la dunia, kwa kipindi cha miaka 100, kiasi cha mara 1,400 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Kwa ajili hiyo mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwezi wa Oktoba 2016 kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Kazi ya kuitoa na kuijaza gesi ni ya fundi mwenye mashine ya kuikusanya.

Kupima kabla ya kununua

Gari la chini ya mwembe lilipona kwa vitu vya bei ndogo: msasa wa kusugulia bolti mbili, maji yenye magadi ya kuosha ncha za betri, rilei moja, na kuondolewa kwa kipande chembamba cha bati ili nafasi ya klachi irudi kipimo chake. Betri ya zamani, iliyotupwa bure, huenda haikuwa na kosa lolote.

Mwalimu wa fizikia anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa betri, balbu ya gari, voltimita na misumari miwili, mmoja safi na mmoja wenye kutu. Wanafunzi na wapime volti za balbu, kisha za msumari, na wajumlishe. Watakaoona kwamba volti zilizokosekana kwenye balbu zimo kwenye kutu hawatasema tena kuwa umeme umepotea. Watauliza umepotelea wapi, kisha watachukua kipimo na kwenda kuutafuta.