SILAHA MIKONONI MWA RAIA: FUNZO LA PWANI YA TANGA

Katika madarasa ya siasa swali hili huulizwa mara kwa mara: ikiwa dola ni ya wananchi, kwa nini mwananchi asimiliki bunduki bila kuomba ruhusa? Swali hili si la kubezwa. Kada anayejibu tu kwamba sheria inakataza, hajajibu kitu. Tulitazame kwa historia ya Tanga, maana huko bunduki imepita katika mikono ya aina tatu: ya wafanyabiashara, ya wakoloni, na ya taifa huru.

Katika karne ya 19 misafara ilipanda bara kutoka Pangani ikiwa na bunduki na baruti, ikarudi na pembe na watumwa. Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, alipofariki mwaka 1862, jamaa zake waligombea utawala. Semboja, aliyejiimarisha Mazinde kwenye njia ya misafara, alipata bunduki kwa wingi. Vita vilizaa mateka, mateka waliuzwa, na bei yao ikanunua bunduki zaidi. Hapakuwa na leseni wala msajili. Je, mkulima wa milimani alikuwa huru zaidi? La. Mwenye mali ndiye aliyekuwa na bunduki, na asiye nayo aligeuzwa bidhaa.

Kisha ukaja ukoloni. Mwaka 1888 watu wa Pangani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Mwishoni mwa mwaka huo Wajerumani na Waingereza waliizingira pwani kwa manowari, wakisema wanazuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ukabana uuzaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotajwa, yaani kukomesha utumwa, haikuwa ya uongo mtupu. Lakini mizinga ya Wissmann ilibaki palepale. Mtawaliwa alipokonywa silaha, mtawala akajilimbikizia.

Kwa hiyo ni dhahiri kwamba ukali peke yake si kipimo cha sheria ya silaha. Kuna maswali mawili ya kuuliza: inamlinda nani, na mwenye kushika silaha anawajibika kwa nani?

Taifa huru lilijibu kwa njia yake. Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea, na Januari 1971 Amin akapindua serikali ya Uganda. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukaelekeza kuundwa kwa mgambo nchini kote. Wananchi walifundishwa kutumia silaha, lakini bunduki ya mgambo haikuwa mali ya mtu. Ilitolewa kwa kazi ya umma na kurudishwa baada ya kazi.

Msingi huo ndio unaotusaidia kuielewa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki bunduki ni dhamana anayopewa mtu na jamii. Maombi huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji, kwa sababu majirani ndio wanaomjua mlevi na mgomvi; hupita kwenye kamati za ulinzi na usalama, na kuishia kwa msajili katika Jeshi la Polisi. Mwaka huohuo Tanga ilionja hatari ya silaha iliyotoka katika udhibiti: askari polisi walinyang'anywa bunduki mjini, na Februari mapambano katika eneo la mapango ya Amboni yakagharimu maisha ya mwanajeshi.

Hata hivyo, tusifiche mgongano uliopo. Mkulima wa Handeni au Pangani hukesha shambani akifukuza nguruwe mwitu na nyani. Gobore lake lisiloandikishwa linamfanya mhalifu. Mtu wa mjini mwenye nauli na muda wa kufuatilia karatasi anaweza kupata kibali cha bastola. Tangu 2011 zipo kanuni za kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari, lakini kifuta jasho hakipikwi usiku ambao mahindi yameliwa.

Kada anayekwenda kijijini kudai magobore bila kuuliza shamba litalindwa na nani, anarudia kazi ya manowari za 1888, hata kama nia yake ni njema. Wajibu wetu basi ni huu:

(a) kuieleza sheria mkutanoni kwa lugha ya wanakijiji, kabla ya msako na si baada yake;

(b) kuhimiza magobore yaandikishwe au yasalimishwe, na kumsaidia mkulima kufuata taratibu;

(c) kudai askari wa wanyamapori wafike mapema wanapoitwa;

(d) kumhoji mwenye bastola kwa kipimo kilekile anachohojiwa mwenye gobore.

Mwananchi akiona kwamba analindwa, ataisalimisha silaha bila kusukumwa. Asipoona hivyo ataifukia, na hakuna daftari la msajili litakaloifichua.