Mlango Wenye Vidirisha vya Ubavuni: Namna ya Kuuchora kwa Kompyuta

Katika maktaba, hospitali na ofisi nyingi huonekana mlango usiosimama peke yake. Kushoto na kulia kwake, ndani ya fremu ile ile, pana vidirisha vyembamba vya kioo visivyofunguka. Vidirisha hivyo huingiza mwanga mahali ambapo ukuta ungeleta giza, na humwezesha anayetaka kufungua mlango amwone aliye upande wa pili.

Kwa mpita njia kitu hiki ni kimoja, nacho ni mlango. Kwa seremala ni ubao mmoja unaozunguka katika bawaba, vioo viwili, na miti minne iliyosimama wima: miimo miwili ya nje na nguzo mbili za kati. Je, kwa kompyuta inayochora ramani ya jengo, kitu hiki ni nini? Jibu la swali hili si jambo dogo, kwa maana likikosewa, hesabu ya watu wanaoweza kuokoka katika ajali ya moto nayo hukosewa.

Kutoka mstari hadi kitu

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitoa tasnifu yake juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Mchoraji aligusa kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga, na mistari ikatokea. Lakini jambo kubwa lilikuwa jingine. Mchoraji aliweza kuchora umbo moja la asili, kisha akalirudia mara nyingi. Alipolibadili lile la asili, nakala zote zilibadilika. Aliweza pia kuiwekea mistari masharti, kama vile kwamba miwili iwe sambamba au iwe na urefu sawa, na mashine ikayatimiza.

Programu za usanifu majengo za leo zimejengwa juu ya mawazo hayo mawili. Ndani yake mlango hauchorwi mstari kwa mstari. Huelezwa kwa vigezo, yaani vipimo vinavyoweza kubadilishwa, na kwa kanuni zinazovifunga vigezo hivyo pamoja.

Kanuni ya mlango wetu

Tuchukue mfano wa mlango wa maktaba ya shule. Waashi wameacha uwazi wa milimita 1,800 katika ukuta. Tuuite upana huo P. Kila upande, kati ya ukuta na fremu, tunahitaji nafasi ya kupachikia, N, ya milimita 10. Kila mti wa wima una unene M wa milimita 50. Ubao wa mlango una upana wa milimita 900, na ili usikwame tunauachia milimita 3 kila upande. Basi nafasi yake, D, ni milimita 906. Kinachobaki hugawanywa sawa kwa vidirisha viwili. Upana wa kila kidirisha, K, ni huu:

K = (P − 2N − 4M − D) ÷ 2

K = (1,800 − 20 − 200 − 906) ÷ 2 = 337

Msomaji aangalie kwamba hatukuchagua K kwa kupenda kwetu. K ni matokeo. Katika programu, kigezo cha namna hii hakiandikwi kwa mkono, bali huachiwa kanuni. Mchoraji akijaribu kukiandika pamoja na vingine vyote, masharti yatapingana na kompyuta itayakataa.

Sasa tuseme msanifu ameupunguza uwazi hadi milimita 1,300. Kanuni itatoa K ya milimita 87. Hesabu ni sahihi, ila kidirisha chembamba kiasi hicho hakina faida. Kwa hiyo tunaongeza sharti: K ikipungua chini ya 150, kidirisha kimoja kiondolewe pamoja na nguzo yake. Hapo kitabaki kidirisha kimoja chenye upana wa 1,300 − 20 − 150 − 906, yaani milimita 224. Nacho kikipungua chini ya 150, mlango ubaki peke yake.

Hapa huingia kosa la kawaida. Kidirisha kimoja kikiondolewa, ubao wa mlango hauko tena katikati ya uwazi. Ikiwa mchoraji aliweka bawaba zake kwa kupima kutoka katikati ya uwazi, mlango utachorwa mahali pasipo pake, pengine juu ya kioo. Yafaa bawaba zipimwe kutoka kwenye mti unaozibeba, kwa kuwa ubao huufuata mti huo popote uendapo.

Njia tatu za kuujenga

Njia ya kwanza ni kuweka mlango wa kawaida na madirisha mawili ubavuni. Ni njia rahisi, lakini kompyuta haijui kwamba vitu hivyo vitatu vina uhusiano. Ukiusogeza mlango, madirisha hubaki nyuma.

Njia ya pili ni kuchora ukuta wa kioo uliogawanywa kwa nguzo, kisha kukigeuza kipande kimoja kuwa mlango. Hufaa pale ambapo vioo vinaenea upande mzima wa jengo.

Njia ya tatu ni kutengeneza kitu kimoja chenye vigezo vyote, kama tulivyofanya hapo juu, na ndani yake kuupachika ubao wa mlango kama kitu kinachojitegemea. Kwa mlango wa maktaba yetu njia hii ndiyo bora, mradi jambo moja lizingatiwe.

Upana upi ni upana wa mlango?

Programu hizi hutoa orodha ya milango ya jengo zima. Kitu chetu kinakata ukuta kwa milimita 1,800, na mchoraji asipoangalia, orodha itaandika kwamba upana wa mlango ni 1,800. Fundi akiisoma anaweza kutengeneza ubao ambao hautaingia katika fremu. Hiyo ni hasara ya mbao na siku za kazi.

Lakini iko hasara iliyo kubwa zaidi. Wakati wa moto watu hawapiti katika vidirisha. Hupita katika nafasi tupu ambayo ubao huiacha unapofunguka. Ubao wenye unene wa milimita 40, ukifunguka kwa pembe ya digrii 90, huziba sehemu ya nafasi hiyo, na ukingo unaouzuia ubao huchukua milimita 12 hivi upande wa pili. Zinabaki milimita 850 kwa makadirio. Anayepima njia ya kutokea kwa 1,800 amejihesabia zaidi ya maradufu ya nafasi iliyopo. Upana huu ndio pia unaomhusu mtu atumiaye kiti cha magurudumu. Kanuni za Marekani zinataka nafasi isiyopungua milimita 815, na mlango wetu unaitimiza kwa tofauti ndogo tu.

Basi kitu chetu hakina budi kutoa vipimo vitatu, kila kimoja kwa jina lake: upana wa uwazi kwa mwashi, upana wa ubao kwa seremala, na upana wa kupita kwa anayekagua usalama.

Kioo nacho kina lake. Mtu anayekimbilia mlango huweza kudhani kidirisha ni njia, akakigonga. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza huhesabu kuwa hatari kioo kilicho ubavuni mwa mlango ndani ya milimita 300 kutoka ukingo wake, kuanzia sakafuni hadi milimita 1,500. Vidirisha vyetu vinaanza milimita 50 tu kutoka mlangoni, kwa hiyo vimo. Vinahitaji kioo cha usalama, kama kile kilichokazwa kwa joto, ambacho hupasuka vipande vidogo visivyo na ncha kali. Programu inaweza kupewa sharti la kuliandika hitaji hilo katika orodha yenyewe.

Zoezi kwa wanafunzi

Jambo hili laweza kufanyiwa mazoezi hata pasipo programu ya usanifu, karatasi yatosha.

1. Tafuta upana mdogo kabisa wa uwazi unaoruhusu vidirisha viwili, kila kimoja kisipungue milimita 150. (Jibu: 1,426.)

2. Tafuta upana mdogo kabisa unaoruhusu kidirisha kimoja. (Jibu: 1,226.)

3. Pima ubao wa mlango wa darasa lako, kisha ufungue na upime nafasi iliyo tupu. Linganisha vipimo hivyo viwili, na ueleze ni kipi ambacho ungemwandikia seremala, na kipi ungemwandikia mkaguzi wa usalama.